Paka Waliohama Chipata

Siku Zondiwe Jere alipomkanyaga Kaluba Chilekwa mkono, Kaluba alikuwa amelala kifudifudi juu ya majani ya kabichi katikati ya soko la Soweto, saa nne asubuhi, jua la Septemba limeshaanza kuchoma. Hakuwa mlevi, hakuwa mgonjwa.

"Mama wee! Mkono wangu!"

"Na wewe umelala njiani unafanya nini?" Zondiwe aliruka pembeni, daftari likamponyoka. "Nyumbani kitanda kimekosekana?"

"Niko kazini, dada."

"Kazi gani ya kulalia kabichi?"

Kaluba alinyanyua kidole akaonyesha mbele. Hatua tano kutoka pale, Mheshimiwa Wedson Chimfwembe, mbunge wa Mutambe, alikuwa amekunja mikono ya shati, anapimiwa dagaa wa kapenta na mama mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa furaha. Watu walijazana mpaka wengine wakapanda juu ya magunia ya vitunguu.

"Yule ni mfupi," Kaluba alinong'ona. "Ukimpiga picha umesimama, anaonekana ametumwa dukani na mama yake. Ukilala chini, anakuwa kiongozi."

Zondiwe hakutaka kucheka. Alikuwa mwandishi wa gazeti, amekuja kumuuliza mbunge swali moja tu la visima, na tangu saa mbili wasaidizi wa mheshimiwa walikuwa wakimsukuma kwa viwiko. Lakini alicheka, tena sana, na Kaluba akasahau picha. Alimtazama kuanzia chini alikokuwa: raba nyeupe zenye tope, gauni la kitenge la njano lenye mikono ya puto, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, na mwanya mdogo kwenye meno ya mbele. Alipoinuka, shati lake jeupe lilikuwa na doa la kijani kifua kizima.

"Nipe namba yako," alisema, "nikutumie gharama za mkono."

"Nipe wewe yako, nikutumie swali langu umfikishie bosi wako."

Alimpa. Swali lilitumwa siku hiyo hiyo na mpaka leo halijajibiwa. Mengine yote Kaluba aliyajibu, usiku na mchana, kwa herufi na kwa sauti.

Kazi yake Kaluba ilikuwa kuandika yale ambayo mheshimiwa anayasema. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa mvivu wa kuandika, hata ujumbe wa kumwita dereva ulimshinda. Ukurasa wake wa mtandaoni ulikuwa na wafuasi laki sita, na kila neno humo, kila mzaha, kila mstari wa Biblia wa Jumapili, ulitoka kwenye vidole vya Kaluba, ndani ya ofisi ndogo ya Rhodes Park yenye feni mbovu. Alikuwa hodari, siwezi kumnyima hilo. Alijua neno gani litawafanya watu wa Kitwe wagombane na watu wa Mongu kabla ya chai ya saa nne.

Oktoba ilikuja na joto lake na mgao wake wa umeme, na wawili hao wakazama. Mchana walikula ugali wa nshima na majani ya maboga nyuma ya posta, wakigombania kipande cha mwisho cha samaki. Jioni ilikuwa simu.

"Haloo, mla panya wangu."

"Nakusikia, mla nyani. Umeshamla babu yako leo?"

"Babu nimemweka kiporo. Nakuwaza wewe tu, mpaka nimeandika jina lako kwenye hotuba ya mheshimiwa."

"Muongo!"

"Haki ya Mungu. Nimelikata kwa kalamu mwenyewe kashashika karatasi."

"Ungeacha. Walau siku moja angesema jambo la maana."

Kaluba alikuwa Mbemba, Zondiwe Mngoni, na Wabemba na Wangoni ni watani tangu babu zao walipochoka kuchinjana. Mngoni wa Chipata huambiwa anakula panya, Mbemba huambiwa anakula nyani. Mbemba akimtukana Mngoni hadharani, watu hucheka. Asipomtukana ndipo watu huuliza wamekosana nini. Kwa hiyo mapenzi yao yalikuwa na chumvi tangu mwanzo, na Zondiwe, aliyekuwa amewahi kuchumbiwa na mwanamume asiyejua kucheka, alihisi amepata bahati ambayo hakuiomba.

Jumamosi moja alimpeleka Mutambe kumwonyesha kwa mama yake mdogo, Enelesi. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufa, kwa vitumbua alivyouza kwenye geti la shule miaka kumi na tisa. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ua wa udongo uliofagiwa ukafagika. Kaluba alichuchumaa mlangoni, akapiga makofi ya heshima taratibu kama alivyolelewa.

"Huyu ndiye Mbemba mwenyewe?" Enelesi alimtazama mdomo. "Mbona meno yote yapo? Nilidhani nyani wana mifupa migumu."

"Tunawachemsha sana, mama."

"Angalau una adabu ya kuchemsha. Kaa, baba, kaa."

Alimletea maji kwenye bilauri ya kioo, ile ya wageni. Kaluba akanywa yote. Zondiwe alitazama bilauri ikipanda na kushuka, akaona aibu kumzuia mgeni. Kisima yalikochotwa maji yale kilikuwa nje ya dirisha, hatua kumi na moja kutoka choo cha shimo cha jirani. Alikuwa amezipima mwenyewe.

"Mama," Kaluba alisema akiweka bilauri chini, "kuna jambo linanisumbua. Tangu niingie mtaa huu sijaona paka hata mmoja."

"Paka?" Enelesi aliketi vizuri, akajifunga kitenge upya kiunoni. "Mwanangu, kwetu Chipata paka walihama wenyewe. Ushindani uliwashinda."

Walicheka mpaka jirani akachungulia. Zondiwe alifuta machozi kwa kiganja. Kaluba naye alicheka, huku ameinamia simu yake, vidole vikitembea juu ya kioo. Zondiwe alidhani anamjibu bosi.

Wiki mbili baadaye mjomba wake Kaluba alikwenda Mutambe na sahani mbili, moja imefunika nyingine, kupeleka posa. Enelesi aliipokea kwa vigelegele. Akaanza hapo hapo kupanga vyakula vya siku ya kumpikia mkwe, akihesabu vyungu kwa vidole, na akaapa kwamba chungu kimoja kitakuwa cha panya ili Mbemba akome.

Sasa nirudi kwenye visima, maana mambo yote yalikuwa hapo.

Pampu ya mtaa wa Mutambe ilikufa mwaka uliopita. Mheshimiwa alikuwa amepiga nayo picha siku ya kuizindua, lakini siku ilipokufa hakutokea. Watu wakarudi kwenye visima vya nyumbani. Zondiwe alichota maji ya visima kumi na viwili kwenye chupa, akayapeleka maabara, na majibu yalirudi mwanzoni mwa Novemba. Visima tisa vilikuwa na kinyesi. Kile cha mama yake mdogo kilikuwa kibaya kuliko vyote.

"Maji haya ndiyo yaliyokukuza," Enelesi alimwambia. "Leo umesoma, yamekuwa mavi?"

"Mama, yachemshe. Nakuomba."

"Nachemsha."

Alikuwa anachemsha siku ambazo Zondiwe yupo. Mkaa ulikuwa wa vitumbua. Na hata kama angechemsha yeye, kulikuwa na nyumba elfu mbili nyuma yake. Zondiwe alijua mvua zikianza, vyoo vitajaa, na vikijaa vitamwagikia visimani. Kabla ya hapo ilibidi habari itoke ukurasa wa mbele, na itoke kwa kishindo, ili aibu iwalete watu wenye matangi na dawa. Alikuwa na wiki mbili, labda tatu. Aliiandika kwa siku nne, na mhariri wake, Bwana Hamoonga, akaisoma, akavua miwani, akasema: "Kesho. Mbele kabisa."

Jioni ile alimpigia Kaluba, sauti imempanda.

"Mpenzi, kesho naingia mbele! Visima vya Mutambe, vyote, na majina na majibu ya maabara."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi kwenye kikao inapitishwa, jioni inachapwa. Wakileta matangi hata wiki hii, mama yangu amepona. Kaluba, unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Nimefurahi sana. Hongera, kipenzi changu."

"Mbona sauti iko chini?"

"Mgao. Nimekaa gizani tu. Nakupenda, Zondi."

"Mimi zaidi. Lala salama, mla nyani."

Kikao cha asubuhi cha gazeti lile, ambalo sina haja ya kulitaja, kilikuwa na desturi yake. Kabla mtu hajafungua daftari, mhariri aliweka simu yake katikati ya meza, akafungua kurasa za wakubwa mmoja mmoja, akasoma kwa sauti. Nani kasema nini, nani kamjibu nani, maoni mangapi. Baada ya hapo ndipo waliuliza kama kuna kitu kimetokea nchini. Siwalaumu peke yao. Magazeti yote ya mji yalikuwa hivyo, na lile ambalo halikufanya hivyo lilikuwa limeshafungwa.

"Haya, Chimfwembe huyu," Bwana Hamoonga alisema, akaanza kutabasamu. "'Nimerudi jana kutoka Chipata kwa watani zangu Wangoni. Nimezunguka mji mzima sijaona paka hata mmoja. Nimeambiwa walihama wenyewe, ushindani uliwashinda.'"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Zondiwe peke yake alikuwa ameganda, kalamu mkononi.

"Maoni elfu nne, na hata chai hatujanywa," mhariri aliendelea. "Yule mbunge wa Chipata ameshajibu: anamtaka aombe radhi. Wengine wanasema ni utani, wengine wanasema ni ukabila. Hii ndiyo ya mbele, jamani. Nani ataniletea chifu wa kusema neno?"

"Bwana Mhariri," Zondiwe alisema. "Na visima?"

"Visima havikimbii, binti. Vitakuwepo kesho."

Alitoka akasimama kwenye ngazi, akapiga simu.

"Kaluba, yale maneno ni ya mama yangu."

"Najua, mpenzi. Umeona yalivyopendwa? Mwambie mama amekuwa maarufu nchi nzima."

"Leo ilikuwa siku ya visima. Nilikwambia jana!"

"Ilikuwa leo? Mungu wangu. Zondi, nilisikia kesho kutwa. Simu ilikuwa inakatika. Naapa."

Hapo Kaluba alidanganya, nami sina sababu ya kumfichia. Jioni ile, alipokata simu ya Zondiwe, alikaa dakika chache na feni yake iliyozimika, kisha akampigia mheshimiwa akamwambia kuna habari mbaya ya Mutambe inakuja kesho. Mheshimiwa alisema maneno mawili: "Tafuta kitu." Kaluba akafungua simu yake mahali anapohifadhi mizaha, akakuta ile ya paka. Alijiambia ni siku moja tu. Habari itatoka kesho yake, mama atapona, yeye atabaki na kazi, na harusi ni Aprili. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine wa ofisi zile, na ndiyo maana namkasirikia.

Siku tatu Zondiwe hakupokea simu yake. Siku ya nne alimkuta amemsubiri nje ya ofisi, Barabara ya Cairo, katikati ya wauza soksi, ameshika chikanda, kitafunwa cha mizizi na karanga, kilichofungwa kwenye gazeti, shati lile lile lenye doa la kijani.

"Hilo shati si ulisema umelitupa?"

"Nilidanganya. Ndilo nililovaa siku uliyonikanyaga. Nikanyage tena, Zondi, mikono yote miwili, lakini usininyamazie."

"Hukusikia kweli?"

"Sikusikia."

"Niambie ukinitazama."

Alimtazama. "Sikusikia, mama."

Zondiwe alilia, watu wanapita, muuza soksi mmoja akamwambia Kaluba mnunulie basi hata jozi moja anyamaze. Akacheka katikati ya kilio. Akamsamehe, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu uchovu nao una nguvu zake. Walikula chikanda wamesimama, na jioni ile ilikuwa tamu kuliko zote walizowahi kuwa nazo.

Panya, kwa upande wao, waliendelea kutawala nchi. Mbunge wa Chipata alijibu kwa nyani. Machifu wakatoa matamko. Askofu mmoja akaita maombi ya upatanisho, na mwanasheria akajitokeza kueleza mipaka ya utani. Redioni walipiga simu watu wa kila wilaya kusema kama wamewahi kuona paka Chipata. Siku kumi na moja mfululizo. Habari ya visima ilitoka siku ya sita, ukurasa wa kumi na tatu, mistari minane, kando ya tangazo la vifaranga vya siku moja.

Mvua ilianza tarehe kumi na tisa.

Enelesi aliugua Jumanne alfajiri, unga wa vitumbua umeshaumuka. Zondiwe alipofika, majirani walikuwa wamemlaza kwenye mkokoteni wa mkaa, macho yameingia ndani, ngozi ya mikono imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa. Shule ambayo alikuwa akiuza vitumbua getini ilikuwa imewekwa mahema ya wagonjwa. Alilazwa pale pale, karibu na geti lake.

"Umechemsha, mama?" Zondiwe alimuuliza, kwa upumbavu tu wa hofu.

"Usinigombeze," Enelesi alisema. "Mkwe wangu aje. Ana maneno ya kuchekesha."

Alikufa Alhamisi saa tisa alasiri.

Maiti ya kipindupindu hairudi nyumbani. Wanaume waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni walimfunga kwenye mfuko, wakampulizia dawa, wakampeleka wenyewe makaburini, na jamaa wakaruhusiwa watano kusimama nyuma ya kamba. Kwa desturi, Kaluba kama mtani ndiye angetawala msiba ule. Angelala barabarani kuzuia jeneza, angedai alipwe kuku ndipo apishe, angemwigiza marehemu akikaanga vitumbua mpaka waombolezaji wacheke wakiwa na kamasi. Siku ile alisimama nyuma ya kamba kimya, suti nyeusi, viatu vimezama kwenye tope, hakuna wa kumchekesha.

Zondiwe alimsogelea. Hakuwa analia tena.

"Jioni ile nilikwambia kesho. Ulisikia?"

"Zondi, si hapa."

"Ulisikia?"

Kaluba alitazama shimo. Wanaume wa nguo nyeupe walikuwa wanafukia haraka haraka, maana walikuwa na wengine watatu kwenye gari.

"Nilisikia."

Zondiwe aligeuka akaenda kusimama na shangazi zake. Kuanzia hapo simu ya Kaluba iliita bila kupokelewa, asubuhi, mchana na jioni. Alituma ujumbe, alituma mjomba wake, alimtuma hata yule muuza soksi. Hakuna kilichorudi.

Gazetini, habari za ugonjwa ziliwekwa ndani, chini ya kichwa kidogo cha kuharisha. "Chimfwembe amesemaje?" Bwana Hamoonga aliuliza kila asubuhi. "Hajasema kitu. Kaweka picha ya jezi ya timu ya taifa." "Basi twende na jezi." Zondiwe alikuwa akikaa mwisho wa meza, ameandika idadi ya waliokufa Mutambe kwenye daftari lake, na hakuna aliyemuuliza.

Halafu, Jumatatu moja ya katikati ya Desemba, siku ya arobaini na moja tangu paka wahame, mhariri aliweka simu mezani na uso ukambadilika.

"'Nimelia,'" alisoma. "'Wananchi wangu wa Mutambe wanakunywa maji ya visima vilivyochimbwa kando ya vyoo. Mama zetu wanakufa. Leo nataka matangi ya maji safi yaingie kila mtaa, na sitalala mpaka yafike.' Jamani! Maoni elfu tisa! Zondiwe, si ulikuwa na kitu cha visima wewe? Lete zile namba za maabara, upesi."

Kabla ya saa saba malori matatu ya maji yalikuwa yameingia Mutambe. Kabla ya jioni kulikuwa na tangi jeusi kila kona na mapipa ya dawa. Kesho yake ukurasa wa mbele wa magazeti yote ulikuwa na picha moja, mheshimiwa amechuchumaa kando ya kisima, mkono kwenye paji la uso, imepigwa kutoka chini. MBUNGE AFICHUA MAJI YA SUMU, liliandika gazeti la Zondiwe. Namba zilikuwa zake. Jina lake halikuwepo.

Asubuhi hiyo hakwenda kazini. Alikwenda nyumba ya mama yake mdogo kukusanya vyombo, na huko ndiko Kaluba alikomkuta. Alikuwa amenyoa, amekonda, shati la bluu limepigwa pasi kali, na usoni alikuwa na furaha aliyokuwa anajaribu kuizuia. Nje, barabarani, wanawake walikuwa wamepanga ndoo kwenye tangi, wanaimba jina la mheshimiwa.

"Hodi."

"Mlango uko wazi."

"Umeona, Zondi?"

"Nimeona."

"Nimefanya kwa ajili yako." Maneno yalimtoka kwa kasi. "Nilimwambia, mheshimiwa, usipoweka hii naacha kazi leo. Nilikuwa nimeshaandika barua, iko mfukoni, hii hapa. Nilijua atanifukuza. Unajua alisemaje? Alisema, andika unavyoona wewe."

"Hakubishana?"

"Hata kidogo! Alisema tu nisisahau picha ya huzuni." Kaluba alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Watu wanapata maji, mpenzi. Sikiliza huko nje. Najua nilikukosea, nilimkosea mama, sina la kujitetea. Lakini nimelipa. Turudi tulipokuwa. Mjomba wangu yuko tayari kuja hata leo kuomba radhi kwa wakubwa wako."

Zondiwe aliweka sufuria juu ya sufuria. "Ilikuchukua muda gani?"

"Kumshawishi?"

"Kuandika."

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nijibu tu, Kaluba."

"Dakika nne hivi. Tano, pamoja na picha."

Zondiwe alikaa kwenye kigoda. Aliweka mikono magotini, akazungumza, na sauti yake ilikuwa ya chini, haina hata hasira.

"Wiki tatu hizi nilikuwa najisemea, Kaluba ni mtu mdogo. Anaagizwa. Mfupi yule ndiye mwenye nguvu, Kaluba angefanya nini? Nilikuwa natafuta njia ya kukusamehe, na nilikuwa nimebakiza hatua moja. Nilishaandika hata ujumbe. Sikuutuma tu."

"Basi utume. Nisamehe, mama."

"Sasa umekuja kunionyesha kwamba uliweza. Siku yoyote. Jioni ile nilipokupigia uliweza. Alipokuwa kwenye hema, ananiuliza mkwe wangu yuko wapi, uliweza. Dakika nne."

"Sikujua kama angekubali! Zondi, ningejuaje?"

"Hukumuuliza."

Kaluba aliikunja ile barua, akairudisha mfukoni. Machozi yalimtoka, ya kweli, na hayakuwa na mahali pa kwenda.

Zondiwe aliinuka akachukua ndoo mbili nyuma ya mlango, maana vyombo vilihitaji kuoshwa na maji ya kisimani hayakufaa.

"Lete nikubebee," Kaluba alisema.

"Acha."

"Nitakusubiri hapa basi."

"Foleni ni ndefu. Nenda."

Alivuka ua, akapita kisima kilichofunikwa kwa bati, akaingia barabarani. Wanawake walimpisha kwa kuwa alikuwa mfiwa, lakini alikataa, akaenda mwisho.

"Weka ndoo, mwanangu," mama mmoja alimwambia. "Maji mazuri haya. Mheshimiwa ametukumbuka."

Zondiwe aliweka ndoo zake chini. Kaluba alikuwa bado amesimama mlangoni simu yake ilipoita. Alitazama jina la mheshimiwa, akatazama foleni, akaipokea.